Opsheni ya mteremko na hesabu yake: namna ya kuchagua kozi ya hiari chuoni

Kila muhula ukianza nagongewa mlango na wanafunzi wa mwaka wa pili, wawili au watatu, wanasukumana nani aanze. "Shikamoo mwalimu. Eti opsheni gani ni mteremko?" Yaani kozi gani ya hiari ina alama za kuokota tu. Nashauri wanafunzi wa sayansi ya jamii kwenye chuo kimoja hapa Tanzania. Jibu langu huwa ni kuwapa karatasi na kalamu, tunaanza hivi.

Hatua ya 1: Jua unatafuta krediti ngapi

Fungua prospektasi, kile kitabu cha chuo chenye orodha ya kozi, ujumlishe kozi za lazima za muhula huo. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, kwa hiyo 120 kwa mwaka, na kwa kawaida 60 kwa muhula. Kama za lazima zimefika 52, unadaiwa 8 tu. Krediti moja ni saa 10 za kazi, ukiwemo usomaji wako mwenyewe usiku. Anayeongeza kozi ya krediti 8 "kwa kujipima tu" kajitwika saa 80.

Hatua ya 2: Pima huo mteremko kwa hesabu

Hapa ndipo wengi hunyamaza. A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2. Tuseme mteremko utakupa A, na ile kozi unayoiogopa itakupa B. Tofauti ni pointi 2, mara krediti 8, unapata 16. Gawa kwa 360. Ni kama 0.04 kwenye GPA ya mwisho, yaani wastani wa pointi zako zote. Hicho ndicho ulichokuwa unakikimbilia!

Kama uko muhula wa mwisho, una 3.46 na unaitafuta 3.5 ya daraja la pili la juu, chukua mteremko wako, sikusuti. Wengine wote, endeleeni kusoma. Tena sifa ya mteremko huletwa na waliosoma mwaka jana. Mwalimu akienda masomoni, anayeshika kozi anaweza kuja na mtihani wa sura nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Jiulize mwaka wa tatu utahitaji nini

Mwanafunzi mmoja wa sosholojia aliruka kozi ya uchambuzi wa takwimu kwa sababu ina namba. Mwaka wa tatu akarudi na bahasha ya madodoso 100 ya utafiti wake, yamejazwa vizuri, hajui ayafanyeje. Akamlipa kijana wa steshenari amwingizie kwenye SPSS, programu ya kuchambua takwimu. Majedwali yakatoka mazuri, yana rangi. Nilipomuuliza kwa nini ametumia kipimo cha takwimu cha kai-mraba na siyo kingine, alitazama dirishani.

Kwa hiyo angalia pia kozi tangulizi: zipo kozi za mwaka wa tatu ambazo huzigusi kama hukusoma nyingine mwaka wa pili. Prospektasi huziandika kwa herufi ndogo.

Hatua ya 4: Chora ratiba

Ichore kwa mkono, pamoja na semina. Vipindi vya mihadhara mara nyingi havigongani. Semina ndizo zinazogongana.

Hatua ya 5: Ingia darasani kabla hujajifunga

Wakati dirisha la kuongeza na kuacha kozi bado liko wazi, kaa kwenye kozi mbili unazozipima, uombe autilaini, yaani muhtasari wa kozi. Tazama koswek, yaani alama za kazi na majaribio ya kabla ya mtihani wa mwisho, imegawanywaje. Mimi nakwepesha watu na kozi ambayo sehemu kubwa ya koswek ni kazi ya kundi la watu 15: wanaandika watatu, wengine wanaleta majina na namba za usajili. Tafuta pia pasti pepa, mitihani iliyopita, za miaka miwili au mitatu. Zikikuvutia hata kabla hujajua majibu, hiyo ni dalili njema.

Hatua ya 6: Hakikisha mfumo unakutambua

Hili liliniunguza mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Nilibadilisha opsheni wiki ya pili, nikahudhuria vipindi vyote, nikafanya majaribio mawili, nikakaa kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Matokeo yalipotoka, kozi niliyoisoma haikuwepo. Iliyokuwepo ni ile niliyoiacha, na nafasi ya alama ilikuwa tupu. Nilikuwa nimebonyeza kufuta bila kubonyeza kuthibitisha. Nilizunguka ofisi tatu karibu mwezi mzima nikiwa na nakala za majaribio yangu kama mtu anayedai mirathi.

Basi ukimaliza kusajili, toka kwenye akaunti, ingia upya, uone kozi imekaa. Chapisha ukurasa huo au upige picha yenye tarehe. Wiki ya jaribio la kwanza, muulize mwalimu kama jina lako limo kwenye orodha aliyopewa. Halimo? Nenda kwa afisa wa mitihani wa idara siku hiyohiyo.