Namna ya Kuandaa Sheria Ndogo ya Ujenzi wa Kijani katika Baraza la Unguja au Pemba

Mwongozo huu unawalenga madiwani, wanasheria wa mabaraza na maofisa mipango wanaotaka nyumba mpya katika maeneo yao zitumie maji na umeme kwa uangalifu na zisichafue ardhi zinakojengwa. Rasimu nyingi za namna hii huharibikia mwanzoni, kwa sababu mwandishi huanza na orodha ya mambo mazuri anayoyapenda, na suala la uwezo wa kisheria wa baraza kuyaamrisha hulikumbuka baadaye.

Anza, basi, na msingi wa mamlaka. Serikali za mitaa si jambo la Muungano, hivyo sheria za bara, yaani Sura ya 287 na Sura ya 288, hazitumiki huku. Msingi wa baraza la Zanzibar ni Katiba ya Zanzibar ya 1984 pamoja na Sheria Namba 7 ya 2014 ya Serikali za Mitaa, na utangulizi wa sheria ndogo uitaje sheria hiyo pamoja na kifungu kinachotoa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Jambo hili laonekana dogo, lakini nimewahi kupewa rasimu iliyonakiliwa kutoka bara neno kwa neno, ikawaagiza wananchi wapeleke malalamiko kwa mwenyekiti wa kijiji, ilhali sisi tuna shehia na masheha.

Hatua ya pili ni kuchora mipaka ya mamlaka za wengine. Usimamizi wa mazingira uko chini ya Sheria Namba 3 ya 2015, ambayo imeipa ZEMA, yaani mamlaka ya usimamizi wa mazingira Zanzibar, kazi yake. Maji yana ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar. Udhibiti wa huduma za maji na nishati una mamlaka yake, ZURA. Na ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuna mamlaka maalumu ya uhifadhi ambayo sharti ishirikishwe kabla hujaandika hata kifungu kimoja kuhusu mapaa au madirisha. Chunguza pia ni ofisi ipi inayotia saini ya mwisho kwenye kibali cha ujenzi katika eneo lako, kwa kuwa masharti yako yote yatategemea kibali hicho. Sheria ndogo inayogongana na sheria mama haisimami, na hili halitokei kwetu tu: mwaka 2019 jiji la Berkeley, huko California, lilipiga marufuku mabomba ya gesi katika majengo mapya, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaona kwamba sheria ya nchi nzima kuhusu vifaa vya nishati ilikwisha kulitawala jambo hilo, hivyo jiji halikuwa na uwezo wa kuliamrisha.

Baada ya hapo chagua mambo machache. Kwa maoni yangu maji ya mvua yatangulie, kwa sababu visima vyetu vinategemea maji yaliyomo ndani ya mawe ya matumbawe, na kisima cha karibu na pwani kikivutwa kupita kiasi huingiwa na maji ya chumvi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 20 kwa siku moja ya masika hupokea lita 2,000, na hata ukitoa sehemu ya tano kwa maji yanayorukia nje au yanayoachwa yasafishe bati kwanza, zinabaki lita 1,600. Kifungu kinaweza kuagiza kwamba kila nyumba mpya yenye paa la ukubwa utakaotajwa iwe na mifereji ya paa pande zote mbili, tangi au birika la ujazo utakaotajwa, na wavu wa kuzuia mbu. Usisahau mifereji. Nilipelekwa siku moja kukagua nyumba iliyokuwa na tangi jipya la kupendeza, tena juu ya jukwaa la zege, na hakukuwa na kitu chochote kilicholiunganisha na paa. Fundi akanijibu kwa upole kwamba karatasi ilitaja tangi tu.

Upepo na kivuli hufuata. Huku kwetu kuna pepo za kaskazi na kusi, na jua la asubuhi na la jioni huziunguza kuta za mashariki na magharibi, kwa hiyo masharti yanaweza kuhusu madirisha yanayotazamana ili hewa ipite, upenu wa kutosha na dari chini ya bati. Makaro ya maji machafu yawekwe umbali unaopimika kutoka kisimani. Kuhusu mchanga wa kujengea, baraza lisijitwike kutoa ruhusa ya kuchimba, ambayo ina utaratibu wake serikalini. Litosheke kumtaka mwombaji aonyeshe risiti ya mahali ulikonunuliwa.

Katika lugha ya vifungu, epuka maneno kama "kwa kadiri inavyowezekana", kwani mkaguzi hawezi kuyapima na mwenye nyumba hatayaogopa. Andika mita, lita na siku, weka mchoro mmoja katika jedwali la mwisho, na msomee rasimu fundi mwashi kabla ya kumsomea diwani. Nyumba ndogo za familia zipewe masharti mepesi kuliko hoteli na majengo ya kupangisha, la sivyo watu watajenga usiku.

Utaratibu wa kupitisha ni wa kawaida: rasimu itangazwe kwa wananchi kupitia masheha, ijadiliwe na kamati husika na kikao cha madiwani, ipelekwe kuidhinishwa wizarani, kisha itangazwe katika Gazeti Rasmi. Weka tarehe ya kuanza kutumika miezi kadhaa mbele na utamke wazi kwamba vibali vilivyokwisha kutolewa havitaguswa. Ukaguzi ufanywe mara mbili, wakati msingi unapochimbwa ili karo na birika vionekane vikiwa wazi, na kabla ya watu kuhamia, ambapo mkaguzi apande ngazi na kumwaga ndoo ya maji juu ya bati aone yanakokwenda.