Shelisheli au Komoro? Panga marudio kabla ya kwenda

Vijana wanaoanza kuendesha yoti pale Msasani huniletea chati na rula. Wameshapiga mstari kutoka Dar es Salaam hadi Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, karibu maili 1,000 za bahari, wanataka kujua ni siku ngapi. Mimi huwauliza wanaondoka mwezi gani, na watarudi na upepo gani. Baba yangu aliendesha jahazi la Mafia, na mtu akimwuliza siku ya kuondoka alijibu kwa kutaja upepo.

Basi anza na kalenda. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, inavuma kuanzia Desemba hadi Machi; kusi, wa kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Mei hadi Oktoba; na katikati yake ni maleleji, upepo haueleweki na dizeli inaliwa. Kisha weka mkondo. Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima. Kaskazi inaupunguza, kusi inauzidishia nguvu mpaka unaweza kufika maili 4 kwa saa. Piga hesabu: yoti inakwenda maili 5 kwa saa, mkondo wa 3 unakupinga, umebakiwa na 2. Kwa saa 24 ni maili 48, na hapo bado hujaanza kupiga bisho, yaani kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo.

Tuchukue Komoro. Moroni, mji mkuu wake kisiwani Ngazija, iko kusini-mashariki yetu, chini kidogo ya maili 400, yaani kusi yote inatokea kule kule unakoelekea. Mwezi wa Julai safari hiyo ni kuichosha mashua na watu bure. Kaskazi itakupeleka vizuri, lakini ndio msimu wa vimbunga: kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija Aprili 2019. Mimi huchagua mwisho wa Oktoba hadi Novemba mwanzoni, kusi imeshalegea na bahari imetulia. Dizeli ijae. Kurudi hakuna shida, kusi iliyobaki na mkondo vinakuleta nyumbani, ila usikawie, kaskazi ikishaingia utarudi kwa bisho.

Shelisheli ni kinyume. Wakati wa kaskazi yetu, kule Mahé upepo hutoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo ukiondoka Februari au Machi unavumilia bisho la mwanzo, halafu kadiri unavyoingia mashariki upepo unakuwa rafiki. Kaa kaskazini ya latitudo ya 6 kusini. Mahé iko nje ya njia ya kawaida ya vimbunga, lakini visiwa vya kusini mwa Shelisheli haviko salama hivyo: kimbunga Fantala kilikivunjavunja kisiwa cha Farquhar Aprili 2016. Subiri Mahé mpaka Juni, kusi ikomae, ndipo urudi nayo ikikupiga kutoka ubavuni na tezi, yaani nyuma ya mashua. Hiyo ndiyo safari nzuri kuliko zote ninazozijua kutoka hapa.

Wakati wa kurudi usilenge Dar. Ukiwa bado mbali shuka hadi latitudo ya Mafia, mkondo utakupandisha wenyewe; ukilenga bandari moja kwa moja utaiona Pemba. Na Fungu Baraka, kile kisiwa cha chini mashariki ya Dar, kipite mchana au kipishe mbali kabisa.

Jambo la maharamia lichukulie kwa uzito. Oktoba 2009 wanandoa wa Uingereza walitekwa wakitoka Shelisheli kuja Tanzania, njia hii hii. Hali imekuwa ikibadilika tangu hapo, basi soma tahadhari za sasa wiki unayoondoka, na usikate kuelekea Somalia eti upate upepo mzuri zaidi.

Maji hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku. Siku zenyewe zihesabu kwa mwendo wa maili 80 kwa siku, hata kama mashua yako hufanya 120, kisha ongeza theluthi. Tarehe uliyoipata mwachie mtu wa nchi kavu, pamoja na siku ambayo, asipokusikia, ataanza kupiga simu.