Mafuta ya nyonyo: kuyakagua, kuyapaka na hasa kuyaosha

Lawama nyingi dhidi ya mafuta ya nyonyo (wengine huyaita ya mbarika) zina chanzo kimoja. Nywele zimegandana, mto umechafuka, uso umetoka chunusi, na ukiuliza utakuta mtu ameyatumia kama anavyotumia mafuta ya nazi. Haya ni mazito kama asali. Asilimia 85 hadi 90 hivi ya asidi zake za mafuta ni asidi ya risinoleiki, ambayo mafuta ya kawaida ya jikoni hayana. Hiyo ndiyo inayoyafanya yang'ang'anie unywele, na hiyohiyo ndiyo inayoendesha tumbo.

Hatua ya 1: Kagua chupa

Rangi isikudanganye. Yaliyokamuliwa bila moto huwa ya manjano mepesi au karibu meupe. Yale meusi yametokana na mbegu zilizokaangwa kwanza, na mengine huongezwa majivu. Weusi hauongezi nguvu, unaongeza harufu ya kuungua tu. Mimi huchagua yale mepesi: harufu yake ni ndogo, na yakianza kuchacha utajua mapema.

Kuna majaribio mawili rahisi. La kwanza, weka kijiko kimoja kwenye chupa ndogo, iache kwenye friji ya kawaida (si friza) usiku kucha. Nyonyo safi hubaki angavu, ingawa huzidi uzito. Yakiganda au kufanya ukungu mweupe, yamechanganywa na mafuta ya mawese au ya nazi. Jaribio hili haliwezi kukamata alizeti, kwa hiyo fanya la pili: mimina sehemu 1 ya mafuta na sehemu 4 za spiriti ya asilimia 95 kwenye chupa ya kioo, mbali na moto, utikise. Nyonyo huyeyuka ndani ya spiriti na mchanganyiko ukabaki angavu. Alizeti na nazi hazifanyi hivyo. Utaona maziwamaziwa, kisha matone yanashuka chini. Spiriti ya asilimia 70 au vitakasa mikono havifai kwa jaribio hili, maji yaliyomo yatafanya hata mafuta safi yaonekane machafu. Tena, jaribio hukamata uchakachuaji mkubwa. Mchanganyiko mdogo unaweza kupita.

Ukinunua kwa mkamuaji wa kijijini, omba kuona mbegu. Za nyonyo zina madoadoa, zinang'aa, na zina kinundu kidogo nchani. Za mbono kaburi, ule mti wa uzio, ni nyeusi na hazing'ai, na mafuta yake yenyewe yana sumu. Usipake, usinywe.

Kukamua mwenyewe nyumbani sishauri. Mbegu ya nyonyo ina risini, sumu kali. Haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo hubaki kwenye mashudu, lakini hapo ndipo kuku, mbuzi na watoto wanapoipata. Vumbi la kutwanga nalo huleta mzio, na kinu kilichotwangia nyonyo hakifai tena kutwangia chakula.

Hatua ya 2: Changanya

Tumia sirinji ya 20 ml isiyo na sindano. Kijiko hakifai, nusu ya mafuta hubaki kijikoni. Kwa kichwa kimoja chukua 5 ml za nyonyo na 10 ml za mafuta mepesi. Alizeti au ufuta ndiyo chaguo langu. Nazi inafaa Dar es Salaam na Mombasa, ila Mbeya, Iringa au Njombe mwezi wa Juni na Julai itaganda ndani ya chupa, kwa sababu hugeuka yabisi chini ya nyuzi 24 hivi.

Usichanganye na mafuta ya watoto yale yanayotokana na petroli. Hayashikani na nyonyo: utatikisa, yataonekana yameungana, baada ya muda yanajitenga na sehemu nzito inakaa chini. Unapaka chepesi wiki nzima, mwisho wa chupa unakutana na nyonyo tupu.

Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika 5. Nyonyo tupu ukiyatoa kwenye nyuzi 20 na kuyafikisha 40, uzito wake wa kumiminika hushuka hadi robo hivi ya ule wa awali. Usiyaweke jikoni moja kwa moja wala kwenye maikrowevu.

Hatua ya 3: Paka

Kwanza tone moja kwenye mkunjo wa kiwiko, usubiri siku mbili. Ukiwashwa, achana nayo.

Kisha pitisha mafuta kwenye mistari ya ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, yanayobaki viganjani yapeleke kwenye ncha za nywele. Saa 1 hadi 2 inatosha. Kulala nayo hakuongezi kitu. Usirundike nywele juu ya kichwa ndani ya kofia ya plastiki. Zisuke mabutu manne au sita yaliyolegea. Kichwa chenye mapunye au vidonda kitibiwe kwanza.

Na tuseme ukweli kuhusu kukuza nywele: hakuna ushahidi thabiti kwamba nyonyo huotesha nywele. Kinachotokea ni kwamba unywele uliolainishwa haukatiki ovyo, kwa hiyo urefu unaoota unabaki. Kingo za paji la uso zilizonyofolewa na rasta za kubana hazitarudi kwa mafuta wakati kila mwezi unasuka vilevile.

Hatua ya 4: Osha (hapa ndipo kazi ilipo)

Kosa linaloharibu kichwa ni kuingia bafuni na kumwaga maji juu ya nywele zenye nyonyo, kisha kuanza kusugua kwa kuzungusha. Maji hayaondoi mafuta haya, ila yanafanya nyuzi zishikane. Msuguano unazikaza, na ndani ya dakika chache una bonge gumu ambalo kitana hakipiti. Hali hii inajulikana kwa madaktari wa ngozi, na nyonyo imetajwa humo kwa jina. Walio hatarini zaidi ni wenye nywele ndefu, zilizowekwa dawa, zilizopakwa rangi au zilizoungua kwa pasi.

Fuata mpangilio huu. Nywele zikiwa bado kavu, na mabutu hayajafumuliwa, paka mafuta ya alizeti kidogo juu ya nyonyo, kama 10 ml kichwa kizima. Inaonekana ni kuongeza tatizo, lakini alizeti inayeyusha nyonyo na kuipunguzia uzito. Acha dakika 10.

Chukua chupa tupu ya maji, weka sehemu 1 ya shampuu na sehemu 2 za maji ya uvuguvugu. Fumua butu moja tu. Mimina mchanganyiko huo kwenye nywele kavu, bila kulowesha kwanza, na uuvute kwa vidole kutoka ngozi kwenda ncha. Mwelekeo ni mmoja: chini. Povu halitatokea raundi hii, au litatokea kidogo mno, na hapo ndipo watu wengi hudhani shampuu ni mbovu na kuanza kusugua. Usisugue. Shampuu imemezwa na mafuta, ndiyo kazi yake. Suuza kwa maji ya uvuguvugu, lisuke butu upya, uende la pili.

Rudia raundi nzima. Sasa povu litakuja. Kama halijaja, rudia mara ya tatu badala ya kuongeza nguvu ya mkono. Nywele zikishalowa zikawa bado zinateleza na kunata kwa pamoja, mafuta yamebaki. Zikitoa kiukelele kidogo ukizibana kati ya vidole, yametoka; hapo paka kondishena, chana kuanzia ncha, panda taratibu.

Kuhusu maji: sehemu nyingi zenye maji ya kisima yenye chumvi, sabuni ya mche ni adui. Madini ya maji magumu hushikana na sabuni na kutengeneza utando mweupe unaonata, nao ukikutana na nyonyo utadhani umepaka gundi. Tumia shampuu, si sabuni. Ikiwa utando umeshaingia, suuza kwa lita 1 ya maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha siki, halafu maji matupu.

Zikishagandana? Simama. Usiongeze maji, usivute, usiite mtu wa kukusaidia kuvuta. Lijaze bonge kondishena mpaka lilegee, uanze pembezoni na nchani, ukitoa nyuzi chache chache kwa vidole na mkia wa kitana. Ni kazi ya masaa, mara nyingine ya siku mbili. Bonge likikaza hadi kwenye ngozi, mkasi ndio utakaolitoa, na bora ukubali mapema kabla ngozi haijajeruhiwa.

Sakafu ya bafu ioshe kwa sabuni ya vyombo mara tu unapomaliza. Bibi wa nyumbani asije akateleza kwa ajili ya urembo wako.

Hatua ya 5: Nyusi na kope

Tone moja kwa nyusi zote mbili. Kope mimi sizigusi: mafuta ya sokoni hayajatakaswa kwa ajili ya jicho, hata kama ziko dawa za macho za kiwandani zenye nyonyo ndani yake.

Hatua ya 6: Magaga

Hapa unene wake ni faida. Loweka miguu dakika 15 kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa jiwe, futa ubaki na unyevu kidogo. Paka 2 hadi 3 ml tupu kila kisigino, vaa soksi za pamba, ulale. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyopo yasitoke. Ndiyo maana kupaka kwenye kisigino kikavu hakusaidii. Mwenye kisukari asisugue wala kukata magaga mwenyewe, aende kliniki.

Hatua ya 7: Tumbo

Kama ni lazima, tumia yale ya duka la dawa yaliyoandikwa kwamba ni ya kunywa, si ya nywele. Dozi ya mtu mzima ni 15 hadi 60 ml, mara moja, na kuanzia 15 ni busara. Choo huja ndani ya saa chache, mara nyingi 2 hadi 6, kwa wengine hadi 12. Usinywe usiku, na usinywe siku ya safari.

Mjamzito asiguse kabisa. Utafiti wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwa panya kwamba asidi ya risinoleiki hugusa vipokezi vya aina moja kwenye misuli ya utumbo na ya mji wa mimba; tumbo likibana, mji wa mimba nao hubana. Mtoto apelekwe zahanati. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana, kutapika au homa naye asinywe, kwani inaweza kuwa kidole tumbo. Na si dawa ya kila wiki. Kuharisha hovyo kunaondoa maji na chumvi mwilini.

Kupaka kitovuni ili upate choo, kama inavyosambazwa mitandaoni, hakuna njia ya kufanya kazi. Mafuta haya huendesha tumbo baada ya kuvunjwavunjwa na vimeng'enya ndani ya utumbo mwembamba, na kitovu hakifunguki kuingia huko.

Hatua ya 8: Nyumbani

Mkanda au kiatu cha ngozi kilichokauka: matone machache kwenye kitambaa, ukisambaza mpaka kitambaa kionekane hakina kitu, halafu acha usiku kucha na ufute. Ngozi yenye manyoya laini usiiguse, itabaki na madoa. Bawaba za mlango: tone moja kila moja, kisha futa ziada kwa sababu hukusanya vumbi. Kwa vitu vya mpira wa asili ni salama kuliko grisi ya petroli, ambayo huzivimbisha. Kwenye meza au kabati usipake. Nyonyo hayakauki, utakuwa na meza inayonata mwaka mzima.

Doa kwenye foronya usilimwagie maji kwanza. Nyunyiza poda, acha saa moja, kung'uta, paka sabuni ya vyombo ya maji kwenye kitambaa kikavu kwa dakika 10, ndipo ufue kwa maji ya moto. Usipige pasi kabla hujahakikisha doa limetoka.