Simu Inachaji Polepole: Mshuku Waya Kabla ya Betri

Simu ikilala kwenye chaji usiku kucha na asubuhi ikaamka na asilimia 61, betri ndiyo hulaumiwa. Kwa kweli betri ni mshukiwa wa mwisho. Wa kwanza ni waya, ule ambao Nairobi tunauita tu "USB". Wa pili ni uchafu ndani ya tundu la chaji, wa tatu kichwa cha chaja, wa nne soketi au ekstenshen. Ukiwahoji kwa mpangilio huo, mara nyingi shida huisha hapo nyumbani bila nauli ya kwenda tao. Ukianzia mwisho, utauziwa betri mpya ilhali ya zamani ilikuwa nzima, na jioni simu itarudia tabia yake.

Ujue kwanza "polepole" ni kiasi gani. Betri ya 5,000 mAh (kipimo cha ujazo wa betri), ambayo ndiyo ya simu nyingi za sasa, hubeba takriban wati-saa 19. Chaja ya wati 10, yaani volti 5 kwa ampea 2, huijaza kwa muda wa saa 2 na nusu hivi, kwa kuwa umeme mwingine hupotea kama joto na asilimia za mwisho huingia kwa kujikokota. Tundu la USB la kompyuta ya zamani hutoa ampea 0.5 tu, hapo hesabu saa 9 au 10. Simu uliyoichomeka kwenye kompyuta ya ofisi si mbovu, inakunywa tu kwa mrija mwembamba.

Kwenye Android, pakua programu iitwayo Ampere. Simu ikiwa kati ya asilimia 20 na 60, iweke kwenye hali ya ndege, punguza mwanga wa skrini, chomeka, kisha ngoja dakika moja ndipo usome. Namba inayoonekana ni ile inayobaki baada ya simu kutumia yake. Kwa chaja ya wati 10, 1,300 au 1,500 mA ni sawa (mA 1,000 ni ampea 1). Ikikaa chini ya 500, kuna mahali umeme unapotelea. Andika namba hiyo, kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: waya mwingine na chaja ileile, halafu chaja nyingine na waya uleule. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kilichoponya.

Waya

Ndani ya waya wa kawaida kuna nyuzi mbili za umeme na mbili za data. Mtengenezaji anayetaka kuuza bei ya kutupa hupunguza shaba kwenye zile za umeme. Unene hupimwa kwa namba ya AWG, na hapa namba ikiwa ndogo waya ni mnene. AWG 28 ina ukinzani wa omu 0.21 hivi kwa kila mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita 1 una omu 0.43. Pitisha ampea 2 hapo na takriban volti 0.85 zinabaki njiani: chaja imetoa 5, simu imepokea 4.15. Simu ikiona volti zimeshuka hivyo hupunguza yenyewe kiasi inachovuta. Alama ya chaji inawaka, neno "inachaji" liko pale, lakini asilimia hazisongi. AWG 24 hupoteza 0.34 tu kwa safari hiyohiyo.

Ukiona waya umeandikwa 28/24, 28 ni ya data na 24 ni ya umeme, chukua huo. Usioandikwa chochote, chagua ulio mfupi na mnene. Waya wa mita 3 wa kufika kitandani ni starehe, ila ukiwa mwembamba kama uzi wa kiatu, jua umenunua mapambo. Kufumwa kwa nyuzi za rangi hakusemi lolote kuhusu shaba iliyo ndani.

Jaribio la kutenganisha waya mbovu na tundu bovu huchukua nusu dakika. Shika kichwa cha waya kwa vidole viwili kisitikisike ndani ya simu, kisha pinda waya pale shingoni, kama sentimita 2 kutoka kichwani. Chaji ikikatika na kurudi, nyuzi zimevunjika ndani ya shingo. Utupe, usiufunge selotepu. Sasa fanya kinyume: waya ulegee, na usukume kichwa chenyewe juu na chini kidogo. Ikikatika safari hii, kosa liko kwenye tundu la simu. Kama ni Type-C, kile kichwa kinachoingia hata ukikigeuza, kigeuze. Ikichaji upande mmoja na kugoma upande wa pili, pini za upande mmoja ni chafu au zimeliwa na kutu.

Kuna kero moja ya Type-C ambayo watu huilaumu simu bure. Spika ndogo, tochi na mashine za kunyoa za bei nafuu zina tundu la Type-C lakini zinakataa waya wa C kwa C. Sababu ni kwamba mtengenezaji alibania resista mbili za omu 5,100 ambazo huijulisha chaja kuwa kuna kifaa. Bila hizo, chaja ya Type-C haitoi hata volti moja. Tumia waya wa zamani wenye kichwa bapa cha USB upande wa chaja, vitachaji.

Uchafu

Mfuko wa jinzi una pamba, na Nairobi ina vumbi. Kila unapochomeka waya unavishindilia chini ya tundu mpaka vinakuwa kama kazulia kagumu. Dalili ni kichwa kukosa ile "tap" ya mwisho na kubaki nje kama milimita 1. Ukikigusa, chaji inakatika. Hapa ndipo wengi huambiwa sistimu ya chaji imekufa.

Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mbao, ukichonge ncha kwa wembe iwe bapa. Washa tochi uone ndani: katikati ya tundu la Type-C kuna ulimi mwembamba wenye pini hadi 24, 12 kila upande. Huo usiuguse. Pitisha kijiti kati ya ulimi na ukuta mpaka kigonge chini, kisha kivute nje ukikwangua ukutani. Rudia pande zote, simu ikiwa imeinamishwa tundu liangalie chini ili uchafu uanguke. Utashangaa kinachotoka. Sindano, pini na klipu ya karatasi hazifai: chuma hukwangua pini au kuunganisha mbili ambazo hazikupaswa kukutana. Usipulize kwa mdomo pia, maana unaingiza unyevu. Ukiona madoa ya kijani, burashi laini yenye isopropanoli ya asilimia 99 huyatoa. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, na inayobaki ni maji.

Simu ikikuonyesha alama ya tone la maji na kukataa chaji, hasa msimu wa mvua, ichomoe na uiache mahali pakavu penye hewa kwa saa kadhaa, tundu likiangalia chini. Usiizike kwenye mchele. Vumbi la mchele huingia kwenye tundu lilelile unalotaka likauke, na Apple wenyewe wamewakataza wateja wao kufanya hivyo.

Kichwa cha chaja

Soma yale maandishi madogo, mstari wa "Output". 5V 1A ni wati 5. 5V 2A ni wati 10. 9V 2A ni wati 18. Lakini wati zilizoandikwa ni ahadi yenye masharti, na hapa kampuni za simu zimetuchezea. Apple iliacha kuweka chaja kwenye boksi mwaka 2020 kuanzia iPhone 12. Samsung ikafuata mwaka 2021 na Galaxy S21. Tukaambiwa ni kwa ajili ya mazingira. Boksi likawa jembamba, na mnunuzi akatumwa sokoni kutafuta chaja bila kuambiwa ni ipi.

Chaji ya haraka ni mazungumzo. Chaja na simu hukubaliana volti kwa lugha maalumu, na lugha ni nyingi. iPhone huzungumza PD (Power Delivery), lugha ya pamoja ya USB. Samsung hutaka PD yenye nyongeza ya PPS ili ifike wati 25. Oppo wana yao, SuperVOOC. Lugha zisipoelewana, zote mbili hurudi kwenye volti 5, na zile wati 67 zilizochapwa kwa herufi kubwa zinageuka 10. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni fast", muulize ni fast ya simu gani. Ukitaka chaja moja ya nyumba nzima, tafuta iliyoandikwa PD na PPS, wati 25 hadi 45. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya lazima ziwe na Type-C, na zinazochaji haraka lazima zielewe PD, hivyo mwelekeo ni huo. Ukitaka wati 45 za Samsung, waya nao uwe wa ampea 5. Wa kawaida wa C kwa C huishia 3.

Chaja feki ina dalili moja ya wazi kuliko zote: simu ikiwa kwenye chaji, skrini inajigusa yenyewe, herufi zinaruka, na ukichomoa inatulia. Ni umeme mchafu unaopenya. Ukisikia pia mtekenyo kwenye fremu ya chuma, usiitumie tena. Ndani yake, kizuizi kati ya volti 240 za ukutani na volti 5 za mkononi mwako ni hafifu.

Na ile kalamu ya kufungulia soketi iwekeni chini. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, na pini ya juu ndiyo hufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Kusukuma kalamu pale juu ili chaja ya pini mbili za duara iingie kunaacha pini zinaning'inia. Zinacheza, zinatoa cheche, na plastiki inaungua kidogokidogo mpaka soketi inakuwa ya kahawia. Nunua adapta ya pini tatu. Ekstenshen iliyolegea huleta shida hiyohiyo, kwa hiyo jaribu soketi ya ukutani kabla ya kumlaumu mtu.

Stima ikipotea, chomoa chaja. Ikirudi, subiri dakika 5, maana volti huruka wakati wa kurudi. Joto nalo: betri ikikaribia nyuzi 45 simu hupunguza au kusimamisha chaji kimakusudi. Toa kava nene, iondoe juani na chini ya mto.

Pawabenki ina hesabu yake. 10,000 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli, yaani wati-saa 37. Ikipandishwa hadi volti 5 inakuwa 7,400, na baada ya kupotea kwa joto unabaki na 6,000 na kitu. Simu ya 5,000 utaijaza mara moja na ziada kidogo; hujaibiwa. Umeibiwa pale inapoandikwa 50,000 na inatoshea kwenye kiganja. Seli ya duara ya 18650 haizidi sana 3,500 mAh na ina uzito wa gramu 45 na zaidi. Pawabenki ya 20,000 huhitaji kama sita, gramu 270 kabla hujahesabu ganda. Ipime kwenye mizani ya duka la jirani.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Nenda na namba zako za Ampere, waya unaojua ni mzima, na matokeo ya lile jaribio la shingo. Simu nyingi za Android zina bodi ndogo ya chaji chini, inayobadilishwa nzima. Bodi hiyo hubeba pia maikrofoni, na mara nyingi kawaya kembamba ka antena huunganishwa hapo. Kakisahaulika, utatoka kwa mafundi wa Luthuli Avenue ukichaji vizuri na netwaki ikiwa baa moja. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chaji pande zote mbili za Type-C, piga simu uulize kama sauti yako inasikika, angalia netwaki, na uone kama kompyuta inaitambua simu.

Betri ibadilishwe ukiwa na ushahidi: inajaa haraka na kuisha haraka, inazima ikiwa na asilimia 20, au imevimba na kuinua skrini. Kwenye iPhone, soma afya ya betri kwenye mipangilio. Chini ya asilimia 80 imechoka. Betri mpya iwe na namba ya modeli sawa na ya zamani: za Tecno, Infinix na itel huanza na BL, za Samsung EB. Iliyovimba usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa, na usiitupe kwenye pipa la taka za jikoni. WEEE Centre hapa Nairobi hupokea taka za elektroniki, nayo ikiwemo.