Ziara ya kundi au kujipangia mwenyewe? Amua kipande kwa kipande

Watu wengi huuliza swali hili kana kwamba jibu ni moja kwa likizo nzima. Likizo ya nje ya nchi ina vipande vyake, na kila kipande kina ugumu wake. Ninapendekeza uamue kipande kwa kipande, kwa utaratibu huu.

Hatua ya 1: Anza na sheria za unakokwenda, bei baadaye.
Kuna mahali ambapo huna hiari. Tibet, nchini China, mgeni haingii bila kibali kinachoombwa na kampuni ya utalii. Njia ya Inka, ile ya miguu ya kwenda magofu ya Machu Picchu nchini Peru, haipitiki bila kiongozi mwenye leseni. Nafasi ni 500 kwa siku, wapagazi na viongozi wakiwemo humo humo, na mwezi Februari njia hufungwa. Hapo lipa kampuni. Lakini ukishashuka mlimani, miji ya Cusco na Lima unazunguka mwenyewe bila shida.

Hatua ya 2: Soma ratiba ya kampuni neno kwa neno.
Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanapoumia. Chukua ratiba ya Italia na Ufaransa. Ikisema "kuona Colosseum", uliza: tunaingia ndani ya uwanja huo wa kale wa Roma, au tunapiga picha nje na kuondoka? Ikisema hoteli ipo "eneo la Venice", omba jina lake ulitafute kwenye ramani. Mara nyingi utaikuta Mestre, upande wa bara, na kila ukitaka kwenda visiwani ni basi au treni. Kisha linganisha ratiba na kalenda: makumbusho ya Louvre ya Paris hufungwa Jumanne, na Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Halafu hesabu saa za ndani ya basi. Ratiba ya miji minane kwa siku kumi siishauri kwa mtu yeyote, hata ikiwa nafuu kiasi gani. Na wakala akizungukazunguka kujibu maswali haya, tafuta mwingine.

Hatua ya 3: Jiulize nani atabeba hasara mambo yakiharibika.
Hili nalipa uzito kuliko bei. Ukinunua tiketi mbili za ndege mbalimbali, ya kwanza ikachelewa ukaikosa ya pili, kwa kawaida shirika la pili halina deni kwako; unanunua upya. Zikiwa kwenye tiketi moja, wao ndio wanaokutafutia ndege nyingine. Kifurushi, yaani ndege, hoteli na ziara vikiuzwa pamoja, kinaweza kukupa ulinzi wa namna hiyo kwa safari nzima, ikiwa sheria ya nchi inakilinda. Kampuni ya utalii ya Uingereza, Thomas Cook, ilipofilisika Septemba 2019, wateja wapatao 150,000 wa Uingereza walikuwa likizoni nje. Mamlaka ya anga ya huko iliwakodia ndege za kuwarudisha, na ambao hawakuwa wameondoka, wenye vifurushi vilivyolindwa na ATOL, mpango wa Uingereza wa kulinda fedha za wasafiri, walirudishiwa fedha zao. Kwa hiyo muulize wakala: mkifunga, fedha yangu inalindwa na nani? Jibu liwe la maandishi.

Hatua ya 4: Changanya.
Miji yenye treni za uhakika, kama ya Japani, jipangie. Siku za mlimani au jangwani, chukua ziara fupi ya huko huko. Bima usiiruke kwa njia yoyote. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, yenyewe inadai bima isiyopungua euro 30,000.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nasafiri peke yangu na kampuni inadai nyongeza ya chumba. Naibiwa?
Jibu: Hapana. Bei inayotangazwa huwa ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Uliza kama wanaweza kukupangia mwenzako wa jinsia yako. Wasipoweza, piga hesabu upya, maana nyongeza hiyo inaweza kufanya kujipangia kuwe nafuu zaidi.

Swali: Mama yangu magoti yanamsumbua, na anatamani sana kuiona Roma. Kundi halitamfaa zaidi?
Jibu: Naelewa kwa nini unafikiri hivyo, kwa sababu kuna basi. Lakini kundi huenda kwa mwendo wa kiongozi, na basi kubwa mara nyingi huwashusha mbali. Mama anahitaji kukaa pale anapochoka. Ningechukua hoteli moja ya katikati yenye lifti, siku nne au tano, na kiongozi binafsi wa nusu siku kwa Vatikani, aliyeambiwa habari za magoti mapema. Nifikishie shikamoo kwa mama.

Swali: Naweza kujitoa kundini siku moja nikatembee zangu?
Jibu: Mara nyingi ndiyo, mradi umwarifu kiongozi jioni iliyotangulia, na usitegemee kurudishiwa fedha ya siku hiyo. Angalia viza kwanza. Mkiwa na viza ya kundi, kama ile ya China, mnaingia pamoja na kutoka pamoja, hivyo siku ya kuvuka mpaka usibanduke.