Kabla hujanunua bunduki ya samaki

Unataka kuanza kuwinda samaki kwa kupiga mbizi pwani ya Kenya? Bunduki ya samaki imepigwa marufuku huko tangu 2001, hata ukiiona inauzwa. Mshale ukimkosa samaki hugonga matumbawe, na mwamba uliovunjika huchukua miaka mingi kupona.

Mimi ningeanza na pweza. Ongea kwanza na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), kisha ngoja bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, maji yakishatoka, uongozane na mvuvi mwenyeji. Angalia tundu lililorundikiwa maganda ya kaa na kombe mlangoni: mara nyingi yumo ndani. Jike anayelinda mayai mwache. Tanzania Bara, pweza wa chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa.