Anza na bando la mwanafunzi

Mwalimu mwenzangu, kabla hujagusa programu yoyote mpya, ingia darasani na daftari uulize mambo matatu: nani ana simu janja na nani ana kitochi, nani hununua bando la siku na nani la wiki, na umeme ukikatika anakopanga, anachaji wapi.

Mimi nafundisha takwimu mwaka wa kwanza hapa Moshi, na sikuuliza. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 nilirekodi mhadhara wa dakika 50 kwa kamera ya kompyuta, faili likafika megabaiti 640, nikalipandisha nikiamini nimewasaidia vijana. Siku chache baadaye mmoja wao akanipigia kutoka kwao Rombo: "Shikamoo mwalimu. Bando la wiki limekwisha, nami bado niko dakika ya 12." Maneno yale hayajanitoka.

Tangu hapo natuma sauti, si video. Rekodi kwa simu, ndani ya chumba chenye mapazia na godoro ili kusiwe na mwangwi. Wazo moja, dakika kumi, basi: wastani siku yake, mtawanyiko siku yake. Kisha fungua Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, ugeuze sauti iwe mono, yaani mkondo mmoja, na uihifadhi kama MP3 ya kilobiti 32 kwa sekunde. Dakika kumi zitakuwa megabaiti 2.4 tu. Muziki ungeharibika kwa kiwango hicho, lakini mtu anayeongea husikika vizuri. Majedwali yaweke kwenye PDF ya kurasa mbili, na unapoongea yataje: "sasa tazama jedwali la pili." Naweka vyote kwenye kundi la WhatsApp, na kiongozi wa darasa huwarushia kwa Bluetooth wasio na bando. Wa vitochi huchukua karatasi steshenari na kusikiliza na mwenzao.

Kwa kuwa wameshasikiliza, usiwasomee tena kipindini. Hapa ndipo napenda ukae zaidi. Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza miaka ya 1990 kufundisha kwa kuuliza swali, kila mtu akapiga kura kimya, kisha wakajadiliana na jirani na kupiga kura tena. Vyuo vyenye fedha hununua vifaa vya kubonyeza. Mimi nilinunua manila za rangi nne nikazikata kadi, kila mwanafunzi seti yake, na wote wanainua kwa mkupuo ili asiwepo wa kumtegea mwenzake.

Swali langu la kwanza kila mwaka ni hili. Wachuuzi tisa wa ndizi sokoni Mbuyuni wanapata kati ya shilingi 8,000 na 15,000 kwa siku. Wa kumi ana lori, anapata 400,000. Mwenye lori akipata mara mbili, kinabadilika kipi: wastani, thamani ya katikati (ya walio katikati ukiwapanga kwa kipato), vyote viwili, au hakuna? Safari iliyopita karibu nusu ya darasa waliinua nyekundu, yaani vyote viwili. Sikusema neno. Niliwapa dakika tatu wageukiane, ukumbi ukavuma kama mzinga, na kura ya pili ikawa karibu yote kijani: wastani peke yake.

Kipimo cha kufuata: waliopata jibu kura ya kwanza wakiwa chini ya asilimia 30, rudi ufundishe upya, wakizidi 70, songa mbele, wakiwa katikati, ndipo wajadiliane.

Majaribio nayaweka Moodle, programu huria ya kufundishia mtandaoni iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, toleo la kwanza likatoka 2002. Tumia aina ya swali linalobadili tarakimu: wewe unaandika kanuni, kila mwanafunzi anapata namba zake. Anayetaka kunakili itabidi aelezwe njia, nami naridhika akielezwa. Ruhusu pia jaribio kufanywa nje ya mtandao kwenye simu, lakini usiweke kikomo cha dakika, maana ukikiweka ruhusa hiyo haifanyi kazi. Acha mlango wazi siku tatu.

Kuhusu akili bandia, usipoteze nguvu kuwinda walioitumia. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na OpenAI wenyewe, waliounda ChatGPT na waliokuwa na chombo cha kutambua maandishi ya mashine, walikiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Sitamfelisha mtoto wa watu kwa kubahatisha. Nilibadili kazi yenyewe: kila mmoja achague bidhaa moja sokoni, aandike bei kwa siku tano mfululizo, alete daftari, kisha anieleze ana kwa ana kwa dakika nne. Wanafunzi 180 ni saa 12 kamili; nagawana na msaidizi wangu kwa juma moja, na tunachoka kwelikweli. Usiulize kanuni. Weka kidole kwenye namba moja.

"Mbona siku ya tatu bei ya mkungu imeruka?"

"Mvua ilinyesha usiku kucha, mwalimu. Magari ya Kibosho yalichelewa kushuka, waliokuja ni wawili tu."